Uji wa Mtoto Anayeanza Kula

Tegeta ni mji ulioko kaskazini ya Dar es Salaam, katika Wilaya ya Kinondoni, kando ya barabara kuu iendayo Bagamoyo. Upande wa bara kiko kilima cha Wazo, ambako mawe ya chokaa huchimbwa na kufanywa saruji tangu mwaka 1966. Upande wa bahari iko Kunduchi, kijiji cha wavuvi tangu zamani. Watu wa Tegeta wametoka katika makabila mengi, nao huamka mapema. Kabla ya jua kuchomoza baba amekwisha kwenda kazini, na mama amekwisha kushuka pwani kununua samaki wa kuuza, au amewasha moto wa kukaanga maandazi kando ya barabara. Siku za Jumamosi na za likizo nyumbani hubaki mtoto mchanga, na pamoja naye hubaki dada yake au kaka yake, ambaye labda yuko darasa la sita. Huyo ndiye atakayepika uji. Kwa hiyo habari hii ya chakula cha watoto si ya akina mama peke yao.

Tangu azaliwe hata atimize miezi sita, mtoto hana haja ya chakula kingine ila maziwa ya mama yake, wala hana haja ya maji ya kunywa, ijapokuwa jua la pwani ni kali. Maana sehemu kubwa ya maziwa yenyewe ni maji. Shirika la Afya Ulimwenguni lilithibitisha neno hili mwaka 2001. Lakini katika nyumba nyingi mtoto hulishwa mapema. Akilia sana katika mwezi wa tatu, jirani husema, "Mtoto huyu hashibi, mpeni uji," na bibi yake hukubali. Kumbe mtoto hulia kwa sababu nyingi, na ziwa hutoa maziwa kadiri linavyonyonywa. Uji ukiingia tumboni, mtoto hunyonya kidogo, na maziwa nayo hupungua. Hivyo waliotaka kumshibisha wamemwondolea chakula kilicho bora, wakampa kilicho duni.

Miezi sita ikitimia, mambo hubadilika. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma mwilini mwake, ambayo ni ya kutengeneza damu, na akiba hiyo hukaribia kwisha wakati huo. Na maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Mwili nao umekua, wataka nguvu kuliko maziwa yanavyoweza kutoa peke yake. Tena mtoto mwenyewe huonyesha ya kuwa yu tayari: shingo yake imekaza, aweza kuketi akisaidiwa, na ulimi wake hausukumi tena nje kila kitu kiingiacho kinywani. Ndipo aanzishwe chakula, huku akiendelea kunyonya mpaka atimize miaka miwili au zaidi. Chakula hiki ni cha kuyasaidia maziwa, si cha kuyafukuza. (Mama ambaye kwa ajili ya ugonjwa hawezi kunyonyesha, yampasa kwenda zahanati apate shauri lake, habari yake ni nyingine.)

Lakini hapo ndipo hatari inapoingia. Maziwa hutoka ziwani yakaingia kinywani. Hayashikwi na mkono wala hayapiti chomboni. Uji hupita katika maji, unga, sufuria, mwiko, kikombe, kijiko na mikono ya apikaye, na katika kila kimoja vijidudu vya kuharisha vyaweza kujificha. Katika miaka ya 1970 wataalamu kutoka Uingereza walikaa katika kijiji cha Keneba, nchi ya Gambia, wakapima uji wa watoto wa huko. Waliona ya kuwa uji ukikaa saa nyingi baada ya kupikwa, vijidudu huongezeka mno ndani yake, na zaidi wakati wa mvua. Wakati huo akina mama huwa shambani tangu asubuhi hata jioni, na uji wa mtoto umeachwa nyumbani. Na wakati huo ndio ule wa kuhara kwingi. Hali hiyo yafanana sana na ya Tegeta, ila huku mama hayuko shambani, yuko sokoni.

Jambo la kwanza basi ni maji. Bomba kubwa litokalo Ruvu Chini hupita upande huu likienda mjini, lakini si kila nyumba iliyo na bomba lake. Watu wengi hununua maji kwa madumu, au huteka visimani, na wakati wa masika uchafu wa vyoo huweza kuingia katika visima vifupi. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, nacho kilianzia Kinondoni, kisha kikaenea katika mikoa mingi. Maji ya kunywa mtoto hayana budi kutokota kabisa kwa muda wa dakika moja. Kupata moto na kutoa mvuke hakutoshi. Kisha yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko, na yatekwe kwa kata yenye mpini, vidole visiguse maji.

Jambo la pili ni mikono. Apikaye na anawe kwa maji yanayotiririka na sabuni, kabla ya kushika unga na tena kabla ya kulisha. Na asiye na sabuni atumie jivu. Mikono ya mtoto nayo ioshwe, maana imetambaa sakafuni kutwa. Watu hudhani ya kuwa kinyesi cha mtoto mchanga hakina uchafu, na dada mtu humbadilisha nepi, akajipangusa kwa kanga, akarudi jikoni kukoroga uji. Si kweli. Kinyesi cha mtoto kina vijidudu kama cha mtu mzima. Vyombo vioshwe, vianikwe juani juu ya uchanja, visifutwe kwa kitambaa kile kilichofutia meza. Mtoto alishwe kwa kikombe na kijiko vilivyo wazi, ambavyo jicho laona kama ni safi au sivyo. Chupa ya kunyonyea ina pembe na nyufa nyingi, na chuchu yake ya mpira hushika mabaki ya maziwa pasipooneka. Hata mwenye maji tele na sabuni tele huisafisha kwa taabu.

Sasa uji wenyewe. Desturi ya nyumba nyingi ni kupika uji mwembamba wa mahindi, unaotiririka kama maji, na kuutia sukari. Mtoto huunywa vizuri, tumbo hujaa, naye hulala. Jioni hunywa mwingine. Baada ya miezi kadha ameanza kukonda, na watu hushangaa, kwa kuwa kila siku alishiba. Hesabu yake ni nyepesi. Mtoto wa miezi 6 mpaka 8 ahitaji kila siku nguvu ya kalori 200 hivi kutoka katika chakula, mbali na ile aipatayo katika maziwa ya mama. Kikombe kimoja cha uji mwembamba huwa na unga gramu 10 hivi, na gramu 10 za unga hutoa kalori 36. Ili apate 200, yampasa kunywa vikombe zaidi ya vitano. Na tumbo lake lachukua kikombe kimoja tu kwa mara moja! Mtoto huyo hashindwi na chakula, ameshindwa na maji yaliyomo katika chakula.

Dawa yake ni uji mzito. Ukichotwa kwa kijiko, ukaa juu ya kijiko. Haudondoki mara kijiko kinapoinamishwa kidogo. Tena usiwe wa unga mtupu. Kijiko kidogo cha karanga zilizosagwa laini, au tui la nazi, au mafuta kidogo, huongeza nguvu pasipo kuongeza wingi. Ipo na njia nyingine, nayo ni ya kustaajabisha, yaani kimea.

Mwaka 1983 wataalamu wawili, Mosha na Svanberg, waliandika habari za jambo ambalo wapika pombe na togwa wa Tanzania walikuwa wakilitumia tangu zamani kwa kazi nyingine. Ulezi ulioota, ukaanikwa na kusagwa, huwa na nguvu ya kulainisha uji. Sababu yake ni hii: mbegu inapochipua hutengeneza kitu cha kuvunjavunja wanga, ili mche upate chakula chake. Kitu hicho hicho kikitiwa katika uji mzito huuvunja wanga wa uji, nao ukawa mwepesi kumezwa, lakini unga uliomo haukupungua hata chembe. Ulezi huchambuliwa, huoshwa, hulowekwa usiku mmoja, kisha hufunikwa kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu mpaka uchipue. Halafu huanikwa juani, hufikichwa ili machipukizi yaanguke, hupetwa na kusagwa. Atumiaye mtama badala ya ulezi asiache kuyaondoa machipukizi yote, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana sumu.

Wakati wa kupika, uji mzito huivishwa kabisa, huepuliwa, huachwa upoe kidogo, ndipo hutiwa kijiko cha kimea na kukorogwa. Ukitiwa kungali kukitokota, joto huua nguvu ya kimea na uji hukaa vile vile. Baada ya dakika kumi hivi umelainika. Na hapa wengi hukosea: humpa mtoto papo hapo. Kimea kilikaa siku tatu katika unyevu na vuguvugu, mahali ambapo vijidudu hupenda, nacho hakikupikwa. Basi sufuria lirudishwe motoni, uji utokote mara ya pili, ndipo apewe mtoto.

Yafaa kukumbuka habari za daktari mmoja mwanamke, jina lake Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliyefanya kazi katika nchi ya Gold Coast, ambayo tangu 1957 yaitwa Ghana. Aliwaona watoto wa mwaka mmoja hata minne wamevimba miguu, ngozi inabanduka, nywele zimebadilika rangi. Na wengi walikufa. Vitabu vya waganga havikuwa na jina la ugonjwa huo. Daktari Williams hakuona haya kuwauliza akina mama wa nchi. Wakamwambia ya kuwa kwa lugha yao ya Kiga waitwa kwashiorkor, nao ni ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa ziwani mdogo wake anapozaliwa. Katika jina hilo mlikuwa na sababu nzima. Watoto wale walikuwa wameachishwa maziwa, wakapewa uji wa mahindi peke yake. Mwaka 1933 aliandika habari zao, na jina la Kiga likaingia katika vitabu vya dunia nzima. Katika Tanzania watu hulitamka kwashakoo.

Siku hizi kwashakoo si jambo la kuonekana kila mtaa, lakini kudumaa kungaliko. Hesabu ya afya iliyofanywa Tanzania mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Kudumaa hakuonekani upesi, maana mtoto mfupi hucheza kama wenzake. Ila jambo lililokosekana katika miaka miwili ya kwanza ni vigumu kulirudisha.

Kwa hiyo uji mzito usiwe peke yake. Pwani ya Tegeta ina vitu vingi. Samaki wa Kunduchi achemshwe, miiba yote itolewe kwa vidole, si kwa macho tu, kisha apondwe. Dagaa wakavu waoshwe mara tatu nne, kwa kuwa huenda walianikwa juu ya mchanga. Wakaushwe, watwangwe, wachekechwe, na kijiko cha unga wake kitiwe katika uji kungali kukipikwa. Maini ya kuku, yaliyoiva kabisa na kupondwa, ndiyo yenye chuma kingi. Yai lichemshwe mpaka kiini kikauke. Mchicha, matembele, boga, maharage yaliyopondwa na kuondolewa maganda, papai, parachichi na embe, vyote ni chakula cha mtoto. Matunda yaoshwe kabla ya kumenywa, maana kisu hupitisha uchafu wa ganda mpaka ndani.

Hatari nyingine haiondolewi na moto wala sabuni. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa huko Uingereza, na sababu haikujulikana mpaka chakula chao kilipochunguzwa. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Kuvu hiyo hutoa sumu, nayo kwa Kiswahili huitwa sumukuvu. Haiathiri ndege peke yao. Mwaka 2004 katika Kenya ya mashariki watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 wakafa. Mwaka 2016 iliingia katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua, na 20 kati yao wakafa. Sumu hii haifi kwa kupikwa. Uji utokote saa nzima, sumu ingali imo.

Ulinzi wake ni macho na mikono ya achambuaye. Mahindi na karanga za mtoto zimwagwe juu ya ungo mahali penye mwanga, na kila punje iliyobadilika rangi, iliyovunjika, iliyosinyaa, iliyotobolewa na wadudu au yenye ukungu itupwe. Isipewe kuku wala isitiwe katika pombe, maana kuku na mnywaji nao wana ini. Mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu hutoka pamoja na pumba. Karanga chungu hazifai hata kwa mtu mzima. Nafaka iliyochambuliwa ikae mahali pakavu, juu ya chanja, si juu ya sakafu ya saruji, ambayo hutoa unyevu wakati wa masika.

Kuhusu ule unga uuzwao madukani na kusagwa mashineni kwa jina la unga wa lishe, yafaa kuwa na hadhari. Wengine huchanganya mahindi, ulezi, mtama, uwele, ngano, mchele, soya na karanga, vitu saba au vinane, wakidhani ya kuwa kila nafaka ikiongezwa nguvu huongezeka. Nafaka hizo ni ndugu, na kazi yao karibu ni moja, mbili zatosha. Tena karanga zilizosagwa pamoja na nafaka hutoa mafuta, unga ukachacha upesi, na mnunuzi hawezi kujua kama zilichambuliwa. Soya mbichi nayo humsumbua mtoto tumbo, isipochemshwa au kukaangwa kabla ya kusagwa. Afadhali kusaga nafaka peke yake, kidogo kidogo, na kuziponda karanga siku ya kupika.

Mtoto wa miezi sita aanze na vijiko viwili vitatu kwa mlo, mara mbili au tatu kwa siku. Akiwa na miezi tisa ale mara tatu au nne, na chakula chake kisiwe laini sana, ili ajifunze kutafuna. Akitimiza mwaka ale pamoja na jamaa, lakini katika bakuli lake mwenyewe. Aliyelishwa kwa kushikwa pua na kutiwa uji kwa nguvu, kama wafanyavyo wengine, huweza kupaliwa, nao uji ukaingia mapafuni. Akigeuza uso, na angojewe, aongeleshwe, ajaribiwe tena. Asipewe asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa kuwa yaweza kuwa na vijidudu vyenye sumu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda. Karanga nzima asipewe kabisa, humkaba. Chai huzuia chuma kisiingie mwilini, na sukari na chumvi hana haja navyo.

Limebaki neno la uji uliobaki. Mama aondokaye alfajiri hupika uji mwingi, akautia katika chupa ya chai, ili mtoto apewe asubuhi, adhuhuri na alasiri. Kama chupa ni safi na uji uliingia ukitokota, utakaa salama muda ule tu ambao ungali moto wa kuunguza ulimi. Ukisha kuwa vuguvugu, chupa yageuka kuwa kitanda cha vijidudu, maana vuguvugu ndilo walipendalo, na chupa hulitunza mchana kutwa. Ni heri kuweka katika chupa maji yaliyochemka, na unga uliopimwa kando, na mkubwa aliyebaki nyumbani akapika uji kidogo kila mara. Mkaa wa konzi mbili watosha. Uji uliopoa usikae zaidi ya saa mbili, na ukipashwa moto sharti utokote wote, hata wa katikati. Ule uliobaki katika kikombe cha mtoto, ambao kijiko kimetoka kinywani kikarudi humo, usiwekwe hata kidogo. Atakayeona uchungu kuumwaga aunywe mwenyewe.

Mtoto akiharisha, watu wengi humnyima chakula wakisema tumbo lipumzike. Lakini mwili unaopoteza maji na nguvu wahitaji kurudishiwa. Anyonyeshwe mara nyingi kuliko siku zote, apewe maji yenye dawa ya chumvi chumvi itolewayo zahanati, na chakula chake kidogo kidogo, mara kwa mara. Macho yakididimia, kinywa kikakauka, akawa mlegevu asiyetaka kunyonya, au kinyesi kikawa na damu, asingojewe mama atoke sokoni. Aliye nyumbani amchukue mtoto kwa jirani aliye mtu mzima, nao waende pamoja zahanati saa ile ile, na mtu mwingine atumwe kumwita mama. Akipona, apewe mlo mmoja zaidi kila siku kwa muda wa majuma mawili, mpaka uzito wake urudi.